Zinki Iliyobanduka

Kipande cha zinki kilichobanduka siku ile kilikuwa na ukubwa wa kiganja, nami nimekitunza hadi leo katika droo ya meza yangu ya kazi. Upande wake wa nje ni mkavu na una chengachenga, kama zinki yoyote iliyoyeyushwa na kunyunyizwa juu ya chuma. Upande wa ndani, uliokuwa umeshikana na chuma, umejaa vijivimbe vidogo vya mviringo, laini ukivipitishia kidole, mithili ya ngozi ya mtu aliyesisimkwa na baridi. Kila ninapoulizwa kwa nini nahangaika na chembe zilizomo ndani ya mashine kuliko rangi iliyomo ndani ya kopo, hukitoa kipande hicho na kukiweka mezani kabla sijasema neno.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa chuma kabla hakijapakwa rangi ya kinga: kukipiga kwa golori au chembe za chuma zinazorushwa kwa kasi, ama na turbini zenye mapanga ndani ya mashine iliyofungwa, ama na hewa ya kompresa kupitia mpira na nozeli ndani ya chumba maalumu. Pigo hilo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza huondoa kutu, rangi kuukuu, na lile gamba la buluu iliyokolea ambalo chuma kipya hutoka nalo kiwandani kilipoviringishwa kikiwa cha moto. Gamba hilo huwadanganya wengi, kwa kuwa ni gumu na linapendeza macho hata mtu akadhani ni kinga. Ukweli ni kwamba hupasuka, maji yakapenya kwenye nyufa, na chuma kilicho chini ndicho huliwa huku gamba likibaki, hadi siku linapoanguka na rangi yote iliyo juu yake. Pili, pigo huacha juu ya chuma makwaruzo, yaani vilele na mabonde madogo mno ambamo rangi hujishikiza. Jambo la kwanza nilikuwa nalijua vizuri. La pili nilidhani nalijua.

Usafi una picha zake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1 kinaonyesha hali nne za kutu, kuanzia A ambako chuma bado kimefunikwa na gamba lake hadi D ambako kimeshaliwa na kubaki na vishimo vinavyoonekana kwa macho, kisha kinaeleza daraja za usafi za Sa 1, Sa 2, Sa 2½ na Sa 3. Katika Sa 2½ huruhusiwa mabaki ya madoa hafifu tu. Katika Sa 3 chuma hutakiwa kiwe na rangi moja ya metali pote. Kijana akikaa na picha hizo miezi michache, akilinganisha na kazi iliyo mbele yake, jicho lake hukomaa, na hapo ndipo hatari huanza, maana hujiona amekwisha kuhitimu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kazi iliyozaa kipande kile ilikuwa ya mihimili iliyotakiwa kunyunyiziwa zinki kwa moto. Masharti yalidai usafi wa Sa 3 na makwaruzo yenye kina kisichopungua mikroni 60, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tuliipitisha mihimili katika mashine ya turbini, ikatoka inang'aa kwa weupe wa kijivu usio na doa, na mimi ndiye niliyepewa utepe wa kupimia. Utepe huo ni kipande kidogo chenye povu laini lililobandikwa juu ya plastiki ngumu. Unaulaza juu ya chuma, upande wa povu chini, unausugua kwa kijiti chenye ncha ya mviringo mpaka doti nyeusi zitokeze sawasawa, kisha unaubana katika mikromita na kutoa mikroni 50, ambazo ni unene wa ile plastiki isiyobonyea. Nilipima sehemu tano. Nikapata 72, 75, 71, 78 na 74. Nikaandika kwa mkono ulionyooka, nikatia sahihi, nikawaachia wapulizaji wa zinki.

Siku tatu baadaye, kijana mmoja alipokuwa akifungua mnyororo wa kunyanyulia, kiungo cha mnyororo kiligusa ubavu wa mhimili. Hakikuupiga kwa nguvu; kiliugusa tu. Zinki ikajikunja na kuachia kama ganda la kitunguu. Tulichukua kisu kigumu, tukachora viraba vidogo kwenye mhimili mwingine, na viraba vikatoka kimoja baada ya kingine, na chini yake chuma kikawa safi, cheupe, kikavu, bila kutu, bila mafuta. Hapakuwa na uchafu wa kulaumiwa.

Basi tukalaumu watu. Wapulizaji walishutumiwa kwamba walisimama mbali mno na chuma, au kwamba waliacha muda mrefu upite kabla ya kuanza. Nao wakaturushia sisi. Nilizitetea namba zangu kwa ukali ambao leo unaniaibisha, nikizunguka na daftari mkononi na kusema kwamba kina cha makwaruzo kilizidi hata kilichodaiwa. Kwa kweli namba hazikuwa na kosa. Nilipozirudia kwa utepe mpya zilitoka zilezile.

Fundi mkuu wa karakana, mzee ambaye sote tulimwita Mzee bila kuongeza jina, alitusikiliza mpaka tulipochoka. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nenda pale chini ya mashine, uniletee chembe gao moja, na karatasi nyeupe." Nilikwenda. Alizimwaga chembe zile juu ya karatasi, akazitandaza kwa ukingo wa rula, akanipa lenzi yake ya mkononi. "Soma," akasema, kana kwamba ni barua.

Karatasi ile ilikuwa imejaa golori. Hazikuwa duara kamili kama zile zinazonunuliwa zikiwa golori, lakini kila pembe ilikuwa imelainika, kila ncha imepondeka, mithili ya kokoto zilizosukwa na mto kwa miaka. Mzee akafungua gunia jipya la chembe zilezile, akamwaga kidogo pembeni. Hizo zilikuwa na kingo kali kama vigae vya chupa. Zilikuwa ni bidhaa moja, kutoka gunia la aina moja, ila kundi moja lilikuwa limezunguka ndani ya mashine kwa wiki kadhaa.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye gunia na ambalo sikuwahi kulisoma. Chembe za chuma zenye ncha huuzwa kwa ugumu tofauti, na ugumu huo huonyeshwa kwa herufi: GP ni laini kuliko zote, GL ni za kati, na GH ni ngumu, zikifikia zaidi ya 60 katika kipimo cha Rockwell C. Zile laini, kila zinapogonga chuma, hupondeka ncha na polepole hugeuka golori. Zile ngumu hazipondeki, bali huvunjika, na kila zinapovunjika hutoa ncha mpya. Kwa nini basi mtu anunue laini? Kwa sababu zile ngumu huyatafuna mapanga ya turbini na kuta za ndani za mashine. Msimamizi aliyekuwepo wakati huo alichoka kubadilisha mapanga, akaagiza GP, na kwa rangi za kawaida tulizozoea kupaka hakuna aliyeona tofauti. Uamuzi wake haukuwa wa kijinga. Ulifaa kazi nyingine, haukufaa hii.

Zinki iliyonyunyizwa haifanani na rangi. Rangi ya majimaji hutambaa, huingia, na nyingi zina kemia inayosaidia kushika chuma. Zinki hufika juu ya chuma ikiwa matone yaliyoyeyuka, yanabamizwa, yanatandazika na kuganda mara moja. Yanapopoa hujikaza, na kujikaza huko ndiko kunakolifanya kila tone liukumbatie upande wa kilele cha chuma kama mtu aliyeshika mpini. Kilele kikali chenye ubavu wa kushikwa hulishikilia tone hilo. Bonde laini la mviringo, hata likiwa na kina cha mikroni 75, halina mpini. Utepe wangu ulipima umbali kutoka bondeni hadi kileleni na ukasema kweli. Haukuulizwa kuhusu umbo, nao haukujibu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa kwenye kabati muda wote. ISO 8503 ina vibao viwili vidogo vya kulinganishia, kila kimoja kimegawanywa sehemu nne, na vibao hivyo vina herufi: G kwa chuma kilichopigwa kwa chembe zenye ncha, S kwa kilichopigwa kwa golori. Unaweka kibao juu ya chuma, unatazama, kisha unapitisha ukucha juu ya kibao na juu ya chuma kwa zamu. Mzee alivileta vyote viwili. Kwenye kibao cha G ukucha wangu ulikwaruza na kukwama. Kwenye mhimili uliteleza, na kwenye kibao cha S uliteleza vilevile. Hata mtoto angetofautisha.

Ilibidi tuirudie mihimili yote, safari hii ndani ya chumba, kwa hewa na chembe za GH, na Mzee akaamua kusimamia mwenyewe kila hatua tangu mwanzo. Sikulala vizuri usiku uliotangulia. Nilitarajia siku ya kulipua na kumaliza. Badala yake asubuhi nzima ilipita bila hata chembe moja kurushwa.

Alianza na kingo. Kingo zilizokatwa kwa moto huwa ngumu kuliko chuma kilichobaki, na chembe hudunda juu yake bila kuacha makwaruzo ya maana. Tena kingo kali haivai rangi, maana rangi huikimbia na kubaki nyembamba pale pale inapohitajika zaidi. Tulizisaga kwa grainda, tukazivunja ukali, tukaondoa matone ya kulehemu yaliyotapakaa. Halafu tukafuta mafuta. Hapa nilikuwa na kisa changu cha zamani, ambacho nilimkumbusha nikidhani atacheka, lakini hakucheka. Wakati nikiwa mgeni kazini niliwahi kupiga bamba lenye mafuta ya mashine nikiamini kwamba pigo litayaondoa. Pigo haliondoi mafuta. Huyapondaponda na kuyasambaza, kisha chembe zinazorudi kwenye tangi huyabeba hadi kwenye kazi inayofuata na ile ya baada yake. Tulikuja kugundua kwa njia rahisi mno: unachota chembe kidogo ndani ya chupa, unaongeza maji safi, unatikisa, unaacha zitulie, kisha unatazama uso wa maji. Siku ile maji yalikuwa na utando wa rangi za upinde wa mvua. Tuliondoa tangi zima la chembe kwa ajili ya bamba moja ambalo lingefutwa kwa tambara na kiyeyusho kwa dakika kumi.

Chupa hiyo aliitumia tena asubuhi ile, na maji yalikuwa safi. Kisha akaigeukia hewa. Kompresa hutoa hewa yenye joto na unyevu, na ikichakaa hutoa mafuta pia, kwa hiyo vichujio njiani ni lazima vimwagwe maji kila mara. Alifungua hewa bila chembe, akanipa karatasi nyeupe ya kunyonya wino, nikaishika mbele ya mkondo kwa dakika nzima, mkono ukitetemeka. Ilitoka nyeupe na kavu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewaona wakaguzi wakifanya jaribio hilo na kulichukulia kuwa desturi yao tu.

Nozeli nayo ilipimwa kwa kuchomekewa kijiti cha mbao chenye alama. Ilikuwa ya milimita 10 ilipokuwa mpya, sasa ilikuwa inakaribia 12. Mtu husema milimita mbili ni nini, lakini tundu hukua kwa eneo na si kwa upana, hivyo hewa inayohitajika ilikuwa imepanda kwa zaidi ya theluthi moja, kompresa haikuweza kufuata, na msukumo kwenye ncha ulikuwa umeshuka huku geji iliyo kwenye kompresa ikiendelea kusoma vizuri. Msukumo hupimwa pale unapotumika: sindano ya geji huchomwa ndani ya mpira karibu kabisa na nozeli wakati chembe zinapita. Tulibadilisha nozeli, tukapata bar 7.

Hapo nikadhani tumemaliza. Mzee akachukua kipimajoto chenye sumaku, akakibandika kwenye bapa nene la mhimili, akazungusha kipimaunyevu chake juu ya kichwa kama mtu anayetaka kurusha kombeo. Hewa ilikuwa nyuzi 24, unyevu asilimia 85, na kwa hali hiyo umande huanza kutua katika nyuzi 21 na ushei. Chuma kilikuwa nyuzi 22 na nusu. Ukikigusa kilikuwa kikavu kabisa. Lakini kanuni tunayoifuata inataka uso wa chuma uzidi joto la umande kwa nyuzi 3 angalau, na sisi tulikuwa na moja na kidogo. Chuma kinene huchelewa kupata joto asubuhi. Hewa hutangulia, na katika pengo hilo utando wa maji usioonekana hukaa juu ya chuma kilichopigwa punde, ambacho hakina cha kukilinda. Tukasubiri hadi karibu adhuhuri. Kijana mmoja alinung'unika kwamba tunalipwa kwa kutazama kipimajoto. Sikumjibu, kwa sababu wiki moja kabla ningenung'unika naye.

Chumvi ilituhusu kidogo tu, kwa kuwa mihimili ilikuwa mipya, ila nitaitaja kwa sababu imenishinda mara nyingi kuliko yote. Chuma cha hali ya D, kilichokaa karibu na bahari au na kemikali, kinaweza kupigwa mpaka king'ae, kisha kesho yake asubuhi ukakuta vidoa vyeusi ndani ya vishimo kana kwamba kimepata ndui. Hiyo ni chumvi iliyosukumwa chini kabisa, na kupiga tena pekee hakuitoi. Huoshwa kwa maji safi yenye msukumo mkubwa, hupigwa upya, hupimwa kwa kibandiko chenye mfuko mdogo unaotiwa maji kwa bomba la sindano, na wakati mwingine mzunguko huo hurudiwa mara tatu. Hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Kabla ya kuingia chumbani, Mzee alikagua helmeti yangu, mpira wa hewa ya kuvuta, na ule mkono wa usalama unaokata chembe mara tu unapouachia. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Alianza kazi enzi za mchanga wa mtoni, na wenzake kadhaa wa wakati huo walikufa kwa mapafu. Mchanga ukigonga chuma huvunjika kuwa vumbi la silika laini kiasi cha kupenya hadi mwisho wa pafu, na vumbi hilo likishaingia halitoki. Pafu hujenga makovu, na ugonjwa huendelea hata mtu akiacha kazi. Mmarekani Benjamin Tilghman alipata hataza ya kurusha mchanga mwaka 1870, na Uingereza iliweka kanuni za kuuzuia mchanga katika kazi hii mwaka 1949. Bado nakutana na watu wanaoutumia kwa sababu ni wa bure. Nikiwakuta sibishani nao kuhusu ubora wa makwaruzo. Nawauliza tu wana watoto wangapi.

Nilipiga mhimili wa kwanza mwenyewe, nozeli ikiwa imeinama kidogo, kila mkanda niliopiga ukipanda juu ya uliotangulia kwa nusu. Chembe ngumu zina sauti tofauti, kali zaidi, na chuma kilichobaki nyuma yake hakimetimeti. Kina weupe uliofifia, kama unga. Kwa jicho la zamani ningesema hakijakamilika, kwa sababu ile ya kwanza iling'aa zaidi. Tulipuliza vumbi, tukabandika gundi ya uwazi ya selotepu na kuibandua, tukaona chembechembe chache mno. Utepe ulisoma 76. Kisha nikachukua kibao cha G, nikapitisha ukucha kwenye kibao, nikapitisha kwenye chuma, ukakwama kotekote.

Zinki ilinyunyizwa ndani ya saa mbili. Siku ya tatu, saa ileile ya mchana, nilichora viraba kwa kisu kwenye ubavu uleule ulioguswa na mnyororo, nikabandika gundi nzito juu yake, nikaivuta kwa nguvu zote. Gundi ilitoka na vumbi la kijivu tu. Mzee aliitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. "Leta wa pili," akasema, nasi tukaenda kuufungia mnyororo.